Mwizi Huzungumza Kiswahili: Maoni Kuhusu Kinga ya Mtandao na Lugha ya Mwananchi

Endebess ni mji mdogo ulio chini ya Mlima Elgon, kaskazini-magharibi mwa Kitale, katika Kaunti ya Trans Nzoia. Barabara itokayo Kitale hupita hapo ikielekea Suam, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Wenyeji wa huko huupima mwaka kwa mahindi: mashamba hutayarishwa Januari na Februari, mbegu hutiwa ardhini mvua inapoanza mwezi wa Machi au Aprili, na mavuno huanza Oktoba. Msomaji atashangaa kwa nini makala yanayohusu mtandao yanaanza kwa habari za mahindi. Sababu ni kwamba wizi ninaotaka kuusimulia uliifuata kalenda hiyo hiyo.

Tangu mwaka wa 2022 serikali imekuwa ikiwauzia wakulima mbolea ya ruzuku. Bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa hadi shilingi 2,500 mwaka wa 2023. Ili kuipata mbolea hiyo, mkulima husajiliwa: jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na ukubwa wa shamba lake. Kisha hungoja ujumbe katika simu. Asubuhi moja ya Machi jirani yetu mmoja, ajuza ambaye mtaa mzima humwita Kukhu, yaani nyanya, alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole. Kijana alimwamkia kwa heshima, akamtaja kwa majina yake yote matatu, akaitaja kata ndogo anakoishi, kisha akaitaja idadi ya ekari zake. Akamweleza kwamba mbolea yake imefika, ila jina lake linakaribia kuondolewa orodhani kwa kuwa hakulithibitisha. "Lipia mifuko miwili sasa hivi, mama yangu, gari linaondoka." Kukhu alituma shilingi 5,000. Gari halikuwako, wala mbolea.

Nilipomuuliza kwa nini hakushuku lolote alinijibu kwa sentensi moja ambayo imenikaa moyoni hadi leo: "Mjukuu wangu, alijua ekari zangu."

Makala haya yanadhamiria kuijadili sentensi hiyo. Ni bayana kwamba kosa la Kukhu, ikiwa tutakubali kuliita kosa, halikuanza alipobonyeza nambari yake ya siri. Lilianza siku ambapo orodha iliyokuwa na jina lake na ekari zake iliponyoka kutoka mikononi mwa mtu ambaye Kukhu hakupata kumjua na kuingia mikononi mwa mtu mwingine ambaye pia hamjui. Hata hivyo, katika mashauri yote aliyopewa baadaye, na majirani, na wahudumu, na hata na kijana wa kituo alikoandikisha malalamiko yake, hakuna aliyeuliza orodha ilitoka wapi. Wote walimwambia, "Siku nyingine uwe macho, mama."

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Sina utaalamu wa kompyuta wala wa sheria, na huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakaona kwamba nimevuka mpaka wa shamba langu. Jibu langu ni kwamba ulaghai wa simu ni matini kabla ya kuwa jambo lolote jingine. Humfikia mtu kama maneno, na humshinda kwa maneno. Chukua ule ujumbe ambao kila Mkenya mwenye simu amewahi kuupokea: "Ile pesa tuma kwa hii namba." Ni maneno sita tu. Hayana salamu, hayana jina la mtumaji, hayataji kiasi. Nguvu yake yote imo katika kionyeshi "ile". Sote tulifunzwa darasani kwamba kionyeshi cha aina hii hurejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji tayari wanakifahamu. Mwizi hajui lolote kuhusu pesa yako, lakini sarufi yake inadai kwamba mlikwisha kuongea. Aliyepokea ujumbe huo akiwa kweli anadaiwa kodi ya nyumba au karo ya mtoto huikamilisha hadithi mwenyewe. Wapo waandishi wa hadithi fupi wanaotafuta uwekevu wa namna hii maisha yao yote bila kuufikia.

Mlaghai wa Kukhu alikuwa na mtindo mwingine, nao ni wa ngano. Alianza kwa kumtambua mhusika, akaleta neema, akaleta hatari ya kuipoteza neema hiyo, akaweka mpaka wa muda. "Mama yangu" lilikuwa neno la ujamaa lililowekwa mahali pake hasa, pale ambapo shaka ingeweza kuzaliwa. Tumesimuliwa visa vya Sungura tangu utotoni, tukamcheka Fisi kwa ujinga wake, na yamkini ndiyo sababu hata sasa anayetapeliwa huchekwa zaidi ya anavyohurumiwa. Kukhu hakumweleza mwanawe wa Nairobi kwa muda wa miezi miwili. Aliona haya.

Sasa tutazame upande wa mlinzi. Sitaki kudai kwamba mlinzi hajui Kiswahili kabisa, kwani huo utakuwa uongo. Menyu ya huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mwezi wa Machi 2007, inaweza kusomwa kwa Kiswahili. Muungano wa mabenki ulikuwa na kampeni ya kuwatahadharisha wateja iliyoitwa "Kaa Chonjo". Matangazo ya redio yanayotuonya tusitoe nambari za siri ni ya Kiswahili sanifu, mara nyingine hata cha kupendeza. Lakini hebu msomaji atazame ni kipi kilichoandikwa kwa Kiswahili na ni kipi kilichoachwa katika Kiingereza. Onyo ni la Kiswahili. Mkataba ambao mteja huukubali anaposajili laini ni wa Kiingereza. Shauri la "usimpe mtu nywila yako" ni la Kiswahili. Maelezo ya kampuni kuhusu inachofanya na taarifa zako, nani hugawiwa, zitakaa kwa muda gani na utalalamika wapi, ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Kwa ufupi, wajibu wa mwananchi umefasiriwa ilhali haki zake hazijafasiriwa. Kiswahili kimepewa kazi ya kukemea.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maadamu Katiba ya 2010 katika kifungu cha 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 31 inampa kila mtu haki ya faragha. Haki hizi mbili hazijakutanishwa. Kukhu ana haki ya faragha kwa lugha ambayo haisomi.

Sheria zenyewe hazikosekani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ilitiwa sahihi Mei 2018. Chama cha wanablogu kikaenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikavirejesha. Kilichonishangaza mimi nilipoisoma ni uwiano wa adhabu. Kama ilivyopitishwa mwaka huo, sheria iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa anayechapisha habari za uongo, na faini ya hadi shilingi 300,000 kwa anayemhadaa mtu mtandaoni ili kumnyang'anya taarifa zake. Ni kweli kwamba kifungo cha mhadaaji kilikuwa kirefu zaidi kwa mwaka mmoja. Lakini mwenye macho haambiwi tazama: sheria iliyopewa jina la kumlinda mtumiaji wa mtandao ilimwogopa zaidi yule anayesema kuliko yule anayeiba. Marekebisho yaliyotiwa sahihi Oktoba 2025 yalizua ubishi wa namna hiyo hiyo, na katika muda wa siku chache tu mahakama ikasimamisha sehemu zake zinazohusu maneno ya kuudhi.

Sheria iliyo karibu zaidi na kisa cha Kukhu ni ile ya Ulinzi wa Data, iliyotiwa sahihi Novemba 2019. Hii humtaka anayekusanya taarifa za watu kupima kwanza hatari zake pale ambapo hatari ni kubwa, na iwapo taarifa zimevuja, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Hapa ndipo neno kinga linapopata maana yake. Mfano ulio wazi ni Huduma Namba. Mwaka wa 2019 wananchi zaidi ya milioni 30 waliandikishwa, wakatoa alama za vidole na picha, miezi kadhaa kabla ya sheria yoyote ya kulinda taarifa hizo kupitishwa. Nakumbuka foleni za Endebess, na chifu akihimiza. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi hizo ulikuwa batili kwa sababu serikali haikuwa imefanya tathmini ya athari zake kwa faragha ya watu. Wengi waliisoma hukumu ile kama ushindi wa wanasiasa. Mimi naiona kuwa hukumu muhimu kuhusu kinga kwa sababu ilikataa mpangilio wa kukusanya leo na kufikiri kesho.

Yapo mambo, hata hivyo, ambayo mahakama ya Nairobi haiwezi kuyafikia. Tarehe 27 Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa, mwezi mmoja tu baada ya Rais kuzindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali ndani yake. Waliotangaza kuhusika walijiita Anonymous Sudan. Wizara ilisema hakuna taarifa zilizoibwa, ila watu walikwama: wenye kutafuta pasipoti, wenye kusafiri kwa gari la moshi, wenye kulipia leseni. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza kwamba imewashtaki ndugu wawili Wasudani kwa mashambulizi ya kundi hilo. Msomaji na apime: mfumo ni wa Kenya, watuhumiwa ni wa Sudan, mashtaka yamefunguliwa California. Mkulima wa Endebess aliyekwama siku ile ana mkono gani katika kesi hiyo? Tunapozungumzia usimamizi wa mtandao kiulimwengu, basi, hatuzungumzii anasa za wanadiplomasia. Tunazungumzia nani atakayemtafuta mwizi aliye nje ya mpaka na kwa masharti ya nani.

Ulimwengu umejaribu kujibu swali hili mara kadhaa. Baraza la Ulaya lilikuwa na mkataba wake wa Budapest mwaka wa 2001. Umoja wa Afrika uliupitisha Mkataba wa Malabo tarehe 27 Juni 2014, nao ulisubiri hadi tarehe 8 Juni 2023 ndipo ukaanza kutumika, kwa kuwa ilichukua muda wote huo kupata nchi 15 za kuuridhia. Miaka tisa! Katika miaka hiyo tisa mtoto huanza chekechea na kumaliza shule ya msingi. Umoja wa Mataifa nao uliupitisha mkataba wake dhidi ya uhalifu wa mtandao tarehe 24 Desemba 2024, baada ya majadiliano yaliyoongozwa na mwanadiplomasia wa Algeria, Bi. Faouzia Boumaiza Mebarki, na ukafunguliwa kutiwa sahihi mjini Hanoi Oktoba 2025. Utaanza kutumika ukiridhiwa na nchi 40. Mashirika ya haki za binadamu yameutilia shaka, yakihofu kwamba serikali zitautumia kupeleleza raia na kuombana taarifa zao.

Kati ya mikataba hii mimi naupendelea ule wa Malabo licha ya ukongwe na uzembe wake, na sababu yangu ni ya kimuundo. Mkataba wa Malabo uliweka katika waraka mmoja biashara ya mtandao, ulinzi wa taarifa za watu na uhalifu. Waliouandika walielewa kwamba mwizi wa simu na orodha iliyoponyoka ni jambo moja. Mkataba wa Hanoi una sura tisa, na kati ya hizo moja tu ndiyo ya kinga. Nyingine nyingi zinahusu jinsi ya kufafanua kosa, kukusanya ushahidi na kusaidiana kumkamata mkosaji baada ya maji kumwagika. Isitoshe, mkataba huu una matini rasmi za lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Wa Malabo una nne, na hata humo Kiswahili hakimo, ingawa viongozi wa Umoja wa Afrika walikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya kazi Februari 2022. Tarehe 7 Julai kila mwaka tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngoma na mashairi. Sijawahi kusikia katika sherehe hizo mtu akiulizia tafsiri ya Mkataba wa Malabo.

Hapa naomba ruhusa ya kutugeukia sisi wenyewe. Kwa miongo kadhaa wataalamu wetu wameshindana iwapo chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mabishano hayo yaliwahi kuwasha moto katika makongamano, na nakiri kwamba nilipokuwa mwaka wa kwanza niliyashiriki kwa bidii. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, nayo ilikuwa kazi ya kuheshimika. Tukapata kipanya, kiwambo, kicharazio, rununu, wavuti, nywila. Lakini ukiipitia orodha hiyo utagundua kwamba karibu maneno yote ni majina ya vyuma na ya vitendo vya vidole. Neno moja ambalo Kukhu angelitumia kumwambia askari kwamba "aliyekabidhiwa jina langu hakulitunza" hatukumpa.

Au je, tunalo tayari? Neno tunalolielekeza ni faragha, nalo ni zuri, ila Endebess halijulikani. Anayetaka kueleweka huko hulazimika kusema "siri". Na papo hapo hoja hupotea, kwani siri katika masikio ya watu ni kitu unachoficha, na anayeficha ana lake. Nimewahi kumshauri mzee mmoja alinde siri zake katika simu, akanijibu kwa fahari, "Mimi sina siri." Alikuwa akiniambia kwamba yeye ni mtu mwema. Mazungumzo yaliishia hapo.

Napendekeza neno amana. Kila mtu analijua, hata asiyejua kusoma: fedha zilizowekwa benki ni amana, mtoto uliyeachiwa na jirani anayekwenda hospitali ni amana, jembe la kuazimwa lina harufu ya amana. Ridhaa, ambayo ndiyo nguzo ya sheria nyingi za data, huutupa mzigo kwa mtoaji: ulikubali, ulibonyeza, uliweka kidole, basi usilalamike. Sheria yetu ya 2019 humwita mkusanyaji wa taarifa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mdhibiti, na neno hilo humpa mkusanyaji mamlaka kabla ya kumpa wajibu. Amana huugeuza mzigo. Aliyepokea amana ndiye anayeulizwa. Aliyeipoteza hawezi kumwambia mwenyewe "ungekuwa macho". Kula amana ni aibu ya mlaji, wala si ya aliyeliwa. Laiti Kukhu angekuwa na neno hilo kinywani siku ile, na askari aliyekuwa akiandika angekuwa nalo katika fomu yake, swali la kwanza lingekuwa: orodha hii aliwekewa nani?

Tazama pia mahali ambapo amana hii hukaa kila siku. Katika miji yetu midogo mwananchi haingii mtandaoni peke yake. Huingia saiba, huketi kando ya kijana anayemfanyia kila kitu: kumfungulia barua pepe, kumjazia fomu ya mkopo wa mwanawe, kumwasilishia ushuru mwezi wa Juni. Nywila huandikwa na kijana huyo katika daftari la kurasa 96 lililo mezani, jina kwa jina, ili mteja akirudi mwaka ujao asiwe ameisahau. Nimeliona daftari kama hilo. Kijana mwenyewe ni mwaminifu, na daftari lile lilikuwa huduma, si ujambazi. Lakini lilikuwa juu ya meza. Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba kati ya Januari na Machi 2025 iligundua matukio ya tishio la mtandao zaidi ya bilioni 2.5 nchini. Tarakimu hii sijui niiweke wapi akilini. Daftari la kurasa 96 nalielewa.

Watetezi wa Kiingereza watasema kwamba sheria ikiwa na matini mbili itazaa maana mbili. Hofu hiyo ina msingi, lakini majirani zetu wamethubutu. Mwaka wa 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na mwaka uliofuata ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye tume ambayo jina lake mkulima wa Mbeya hulielewa bila mkalimani. Nisieleweke vibaya: lugha pekee haiwi kinga. Nchi hiyo hiyo ilizima mtandao siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, kwa siku kadhaa, na watu wakanyimwa habari za ndugu zao. Serikali inaweza kuzungumza Kiswahili fasaha na bado ikakufungia mlango. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba mlango uliofungwa kwa lugha unayoijua unaweza angalau kuubisha.

Nimechelewa kusimulia kisa changu mwenyewe, na nadhani msomaji ataelewa kwa nini. Katika mwaka wa kwanza wa utafiti wangu nilirekodi masimulizi ya wazee katika miteremko ya Mlima Elgon. Pendekezo langu lilihusu ngano na nyimbo za jandoni. Lakini mzee akishaanza kusimulia hafuati pendekezo la mtu. Wawili kati yao waliingia katika habari za mashamba, na kutoka hapo wakafika miaka ya 2006 hadi 2008, siku za jeshi la SLDF na za Operesheni Okoa Maisha iliyoanza Machi 2008. Walitaja nani alimficha nani, nani alimwonyesha nani njia. Nilirekodi yote kwa simu yangu. Simu haikuwa na nywila. Nilikuwa nimeiondoa kwa kuchoshwa na kubonyeza tarakimu kila mara. Iliibwa Kitale, nikipanda matatu, jioni ya siku ya soko.

Pengine aliyeichukua aliifuta yote na kuiuza kabla ya usiku kuingia. Ndivyo ninavyojifariji. Lakini nilikuwa nimepokea amana, na nilirudi mlimani kumweleza mzee aliyesema mengi zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Kijana wangu, mtu akiniibia ng'ombe, zizi hubaki tupu nikajua. Sauti yangu imeibwa nami bado ninayo. Nitajuaje imefika wapi?" Sikuwa na jibu. Katika kurasa zote za sheria na mikataba nilizozisoma tangu siku ile sijaona aliyelieleza tatizo la mtandao kwa uwazi kama alivyolieleza yeye akiwa ameketi juu ya kigoda.

Ndipo akaniuliza kuhusu karatasi. Alikumbuka kwamba kabla ya kurekodi nilimpa karatasi ya kuweka kidole. Ilisema nini? Nilikuwa nayo mkobani. Ilikuwa fomu ya ridhaa ya kurasa mbili, ya Kiingereza, niliyoinakili kutoka kwa mwanafunzi aliyenitangulia, naye aliinakili kwa mwingine. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilikuwa nimemtia mzee kidole katika waraka wa Kiingereza. Nikaanza kumfasiria papo hapo, nikakwama katika sentensi ya pili, pale palipoahidi kwamba taarifa zake zingeondolewa kila alama inayoweza kumtambulisha.

Tangu hapo nimeiandika upya fomu hiyo kwa Kiswahili. Ilinichukua wiki tatu, na sasa ina kurasa nne. Inaanza kwa kumweleza msimulizi kwamba sauti yake ni amana kwangu, inasema itawekwa wapi, nani ataisikia, itafutwa lini, na kwamba ikipotea ni juu yangu kurudi kumwambia. Nimewaomba walimu wangu waipitie, na ningependa chama chetu kiichukue, kiirekebishe na kuigawa kwa kila mwanafunzi anayekwenda nyanjani, kisha tujaribu nguvu zetu kwa kuifasiri sehemu ya Mkataba wa Malabo inayohusu taarifa za watu. Ile sentensi ya pili bado haijanikalia vizuri. Nimejaribu "kuficha jina", lakini jina likifichwa sauti bado humtaja mwenyewe, na kijijini kila mtu huijua sauti ya kila mtu. Nimejaribu "kufuta nyayo", nalo linanipendeza ila nahofia lina harufu ya mkimbizi anayekwepa askari. Mwenye neno bora na anipelekee kupitia kwa mhariri kabla ya Agosti, kwani mwezi huo ninarudi mlimani.